Zamu ya Shemeji

Niseme mimi mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na wale wanawake wa kanisani wanaopenda kuongeza chumvi. Asubuhi ile Rosaire alikuwa amelala chini ya kuni, hatua tisini kutoka jikoni kwangu, nyuzi thelathini chini ya sifuri, na mimi nilikuwa nimekaa mezani nakunywa kahawa na kumtukana. Si dakika tano. Karibu saa mbili nzima.

Rosaire ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, Gérald. Nyumba zetu zinatazamana, mto uko chini yetu na Kanada iko ng'ambo ya mto. Katikati ya nyumba hizo mbili kuna boila. Ndugu wale walilinunua pamoja, wakachimba mitaro pamoja wiki mbili wakitukanana kutwa, wakafukia mabomba, moja la kwangu, moja la kwake. Ukiliona kwa mbali utadhani ni choo cha bati chenye bomba la moshi. Ndani kuna moto, maji yameuzunguka moto, na pampu inayasukuma maji hayo chini ya ardhi mpaka nyumba zote mbili zipate joto. Linalishwa kuni mara mbili kwa siku, hata Krismasi na Pasaka. Moto ukizimika maji yanapoa, na yakipoa katika Januari ya kwetu yanaganda. Bomba likipasuka chini ya udongo ulio mgumu kama zege, hakuna wa kulichimbua mpaka Mei.

Gérald alifariki Oktoba, miaka miwili kabla ya asubuhi ninayoisema. Siku ya pili baada ya mazishi, sahani za watu bado ziko kwangu, Rosaire akaingia na buti zake za matope mpaka katikati ya jiko.

"Shemeji," akasema, "boila niachie mimi. Asubuhi na jioni. Wewe pumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Una miaka sitini na tisa, Rolande. Kuni si maua."

"Na wewe una sitini na sita na goti bovu. Mbona hujiambii upumzike?"

"Mimi mwanamume bwana."

Ala! Maiti ya mume wangu haijakaa kaburini siku tatu, na huyu ananiletea uanaume jikoni kwangu, tena kwa buti chafu.

"Basi mwanamume, toka nje," nikamwambia. "Asubuhi yako, jioni yangu. Kuni zako zako, zangu zangu. Na zamu ya mwenzio huigusi."

"Haya. Tutaonana Februari utakapokuja kuomba kuni."

"Tutaonana."

Hatukusemezana tena. Kanisani alikaa kushoto, mimi kulia. Februari ikaja, ikapita, sikuomba hata kijiti.

Hilo la kutogusa zamu ya mwenzio sikulibuni mimi. Ilikuwa sheria ya Gérald. Kuni zikijazwa mara mbili zinayafukia makaa, na moto unakufa kwa kushiba. Kwa hiyo aliweka alama. Palikuwa na glavu moja nyekundu ya sufu, ya mkono wa kushoto, mwenzake ilipotea mtoni. Ukimaliza kujaza kuni unaivika kwenye mpini wa mlango wa boila: maana yake, nimejaza, usiguse. Mwenye zamu inayofuata akifika anaivua, anaitundika kwenye msumari ukutani, anajaza, kisha anairudisha kwenye mpini. Basi. Miaka miwili glavu ile ndiyo iliyokuwa ikizungumza baina yetu, na mimi niliona inatosha.

Kuni zilikuwa katika banda moja nyuma ya boila, nguzo katikati. Kushoto lundo la Rosaire, mti mgumu, mzito, unaowaka usiku kucha. Kulia lundo langu. Mimi na msumeno wangu mdogo nilimudu misonobari tu, kuni nyepesi zinazowaka na kwisha upesi. Lakini hazikuniishia! Nilijisifu jamani, nisidanganye. Binti yangu Colette alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kutoka kusini kwenye joto lao: "Mama, uza nyumba uje huku." Nami namjibu: "Kuni zangu zinafika Aprili, nije huko kufanya nini?" Mara nyingine nilikuta vipande vya mti mgumu ndani ya lundo langu. Nikasema huyo ni Gérald, alinibakishia. Nilikuwa navipigapiga kwa kiganja kabla ya kuvitia motoni.

Sasa asubuhi yenyewe.

Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili, na upepo ukaanza kuihamisha. Dirishani kulikuwa na weupe mtupu, boila silioni, nyumba ya Rosaire siioni. Niliamka saa moja. Kwenye bomba linaloingia jikoni kuna kipimo cha joto, na mimi niliweka alama tatu kwa rangi ya kucha kwa sababu tarakimu zake ni ndogo. Alama ya kwanza, mambo mazuri. Ya pili, angalia. Ya tatu, hatari. Rosaire hujaza saa kumi na mbili, kwa hiyo saa moja sindano huwa inapanda. Siku hiyo ilikuwa chini ya alama ya kwanza na inashuka.

"Kalala," nikasema peke yangu. "Mwanamume kalala."

Nikakoroga unga wa ploye, zile chapati zetu za manjano zisizogeuzwa, nikaoka sita, nikala mbili na siagi. Sindano ikashuka. Saa moja na nusu nikawa nimeshavaa sweta la pili. Nikainua simu ya mezani nimpigie. Nikaanza kuizungusha namba yake, ninaijua kwa miaka arobaini, kisha nikasita. Nikamwona kichwani jinsi atakavyoitikia: *Eh, shemeji, umeshindwa?* Nikairudisha simu mahali pake.

Ndipo nikajitungia hadithi. Nikasema huyu ananijaribu. Anajua nikiona sindano inashuka nitatoka kujaza zamu yake, halafu Jumamosi kwenye klabu ya pikipiki za theluji atawaambia wenzake, yule mwanamke anatetemeka kidogo tu anakimbilia kuni. Au anataka makaa yafukiwe ili aseme nimeua moto. Hanipati! Zamu ni yake. Nitakaa hapa mpaka meno yagongane, na yeye nyumbani kwake ya kwake yagongane vilevile, tuone nani anatoka kwanza. Nilivimba mimi, nilivimba kwa raha.

Sindano ikapita alama ya pili saa mbili kamili. Nikavaa koti ndani ya nyumba. Nikamwaga kahawa iliyopoa, nikachemsha nyingine. Ninaikumbuka kahawa hiyo kuliko kahawa yoyote niliyokunywa maishani, kwa sababu ilikuwa tamu.

Saa tatu kasorobo ikagusa alama ya tatu.

Hapo hata kiburi kilifunga mdomo. Nikavaa buti, suruali ya theluji, kofia ya Gérald yenye masikio, nikatoka huku napanga matusi. Nilikuwa nayo matatu mazuri ya kumpigia mlangoni kwake. Theluji ilinifika mapajani. Nikaamua nipitie kwenye boila kwanza, nihakikishe kwamba glavu yangu ya jana jioni ingali kwenye mpini, ili nimwambie kwa ushahidi.

Mpini ulikuwa mtupu. Glavu ilikuwa kwenye msumari.

Nilisimama pale nikiitazama. Mtu akishaivua glavu ameshaanza zamu. Rosaire alikuja, akaivua, akaitundika, akaenda bandani kuleta kuni. Hakurudi. Matusi yote yakanitoka kichwani.

"Rosaire!"

Upepo tu.

"Rosaire! Wee Rosaire!"

Nikalizunguka boila, nikaingia bandani. Lundo lake lilikuwa limeanguka. Si kwa mbele. Lilianguka kwa nyuma, upande wa ukuta, kwenye kile kichochoro mtu anachopita kwa ubavu. Lilikuwa limepita kimo changu na sasa lilinifika kiunoni. Kwenye pembe, kati ya vipande viwili, nikaona kitambaa cha buluu. Ovaroli.

"Mama yangu! Rosaire, unanisikia?"

Sauti ikatoka chini, nyembamba, ya mtu aliyelewa. "Si... si zamu yako."

"Nyamaza!"

Nikaanza kuvuta kuni na kuzitupa nyuma. Uso ukatokea. Nyusi zake zilikuwa nyeupe na midomo imepoteza rangi. Mguu wa kushoto haukuonekana kabisa, na gogo moja zima, lisilopasuliwa, lilikuwa limelala juu ya paja.

"Tangu saa ngapi uko hapa?"

"Nilipoingia." Akavuta pumzi. "Moto upo?"

"Achana na moto, nikutoe."

"Moto upo, Rolande?"

"Alama ya tatu."

Akafumba macho. Nikadhani amekufa, nikampiga kibao cha shavu. Akafumbua, kakasirika, nami nikashukuru kumwona amekasirika.

"Moto kwanza," akasema.

"Una wazimu? Unaganda!"

"Ukinitoa utanipeleka wapi? Nyumba zote baridi. Huwezi kunivuta mpaka kwako. Moto kwanza, we mwanamke, sikiliza mara moja maishani mwako!"

Nikataka kumjibu. Nikaona ana haki. Hiyo ndiyo ilikuwa dakika mbaya kuliko zote, kumwacha mtu chini ya magogo, anakutazama, nawe unachukua kuni zilizo juu ya kifua chake unaondoka nazo. Nilibeba mzigo wa mikono miwili, nikakimbia. Sleji ya plastiki tunayokokotea kuni ilikuwa imesimama huko nyuma ya lundo langu, imejaa mpaka juu. Sikujiuliza inafanya nini huko. Nikaipindua, nikaimwaga, nikaipakia vipande kutoka juu ya Rosaire kwa sababu kila kipande nilichokitoa kwake kilikuwa kazi mbili kwa mara moja.

Ndani ya boila kulikuwa na majivu, na chini ya majivu makaa kama ngumi mbili. Nikayakusanya kwa reki ya chuma, nikaweka magome makavu, nikaweka misonobari yangu iliyochanwa nyembamba. Nikapuliza. Nikafunga. Feni ikaanza kuvuma, nikasema Bikira Maria usiniangushe leo, nikarudi kwake.

"Umewasha?"

"Nimewasha. Usilale. Nitukane."

"Sina nguvu."

"Miaka miwili hukunitukana, leo unasema huna nguvu? Hebu nitukane, Rosaire."

"Ploye zako," akasema polepole, "ngumu... kama soli."

"Mwongo mkubwa. Ulikula kumi na moja siku ya harusi ya Colette."

"Njaa."

Hivyo hivyo, kipande kwa kipande. Lile gogo la paja sikuliweza kwa mikono. Nikaleta mtaimbo, nikauegemea kwa uzito wangu wote, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa uzito huo. Gogo likaviringika. Rosaire akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena. Mguu chini ya goti ulikuwa umepinda kwa namna ambayo mguu haupindi, na buti lilikuwa gumu kama jiwe.

Nikamviringisha kwenye sleji, nikajifunga kamba kiunoni, nikavuta. Kutoka bandani mpaka kwenye boila ni hatua kumi. Nilianguka mara mbili. Mbele ya boila kuna kipaa kidogo kinachozuia upepo, nikamweka hapo, uso wake kwa mlango, nikashika mpini nikafungua.

Mimi! Mimi niliyemfundisha padri mpya jinsi ya kufungua boila: fungua kidogo, simama kando, hesabu kumi, moshi uliozibwa upumue kwanza. Nilifungua kwa mkupuo mmoja kama mtoto. Ukasikika mvumo, ulimi wa moto ukatoka kuupita uso wangu. Kofia iliokoa nywele. Nyusi sikuziona tena mpaka Machi.

Kutoka chini kwenye sleji nikasikia sauti: "Hesabu... kumi."

"Kaa kimya, maiti wee!"

Nikajaza. Safari hii nikajaza vizuri, nikauacha mlango wazi, joto likamwangukia. Nikapanda nyumbani kwa magoti na mikono, nikapiga simu ya dharura, nikashuka na mablanketi manne na ile kahawa yangu tamu. Walisema lazima gari la theluji litangulie kufungua barabara. Ilichukua saa moja na dakika kumi. Muda wote huo nilikaa nyuma yake, kichwa chake mapajani mwangu, nalilisha boila kwa mkono mmoja. Sindano ya huko jikoni sikuiona, lakini niliisikia pampu, na nilijua maji yanakwenda.

Alipokuwa anapandishwa kwenye gari, kijana wa huduma ya dharura akaniuliza alianguka saa ngapi.

"Saa kumi na mbili."

"Na wewe ulimwona saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akaandika. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Saa kumi jioni nikarudi kujaza, zamu yangu. Upepo ulikuwa umetulia. Nikakuta zile kuni nilizozimwaga kutoka kwenye sleji asubuhi, zimelala nyuma ya lundo langu. Mti mgumu. Zake. Nikainama kuziokota nizirudishe kwake, na nikiwa nimeinama nikaona sakafuni, kwenye vumbi la magome, njia. Njia ya sleji, iliyosuguliwa mpaka udongo unang'aa, kutoka nyuma ya lundo lake, kando ya nguzo, mpaka nyuma ya lundo langu. Njia ya siku moja haing'ai hivyo.

Nikajipenyeza mpaka ndani kabisa nyuma ya lundo langu, mahali ambapo sijawahi kuingia, nitaingia kwa nini? Kwa mbele misonobari yangu, safu moja, safu mbili. Nyuma yake mti mgumu mtupu, umepangwa vizuri, ncha kwa ncha, kwa mkono ambao si wangu wala wa Gérald. Kisha nikaenda kutazama la kwake lililoanguka. Alikuwa amelimega kwa nyuma ili nisione likipungua kwa mbele. Lilibaki ngozi tu. Ndiyo maana lilimwangukia.

Nililia. Halafu nikakasirika. Haki ya Mungu, nilikasirika kiasi cha kulipiga teke lile lundo nikaumia kidole. Aprili zangu! Majivuno yangu yote kwa Colette! Halafu nikalia tena.

Siku ya nne wakaniruhusu kuzungumza naye kwa simu. Mguu umeungwa, wakasema, lakini vidole vya mguu wa kushoto vimeondolewa, vyote vitano. Daktari alimwambia kwamba lau angefikishwa saa mbili mapema angebaki navyo. Alinisimulia hilo yeye mwenyewe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za gari bovu. Hakujua nilikuwa wapi saa hizo mbili. Alidhani nililala.

"Nani anajaza asubuhi?" akauliza.

"Mimi."

"Na jioni?"

"Mimi."

"Zamu yangu unaigusa?"

"Naigusa."

Akacheka kidogo, akakohoa. "Kuni za nani?"

"Zako."

"Zangu zimeanguka, zimelowa theluji."

"Siyo hizo. Zile za nyuma ya lundo langu."

Nikasikia mashine fulani inalia wodini kwake.

"Gérald ndiye..." akaanza.

"Gérald yuko kaburini, mwizi wee! Miaka miwili unaniingilia zamu yangu!"

"Ulikuwa na misonobari, shemeji. Misonobari haifiki Februari. Ningefanyaje, nije kugonga ungefungua?"

Nisingefungua. Tulikuwa tunajua wote wawili.

"Rosaire," nikasema, "sikulala. Niliamka saa moja. Niliona sindano inashuka. Nilijua hujajaza. Nikakaa."

Mashine ya wodini ikaendelea kulia.

"Nilioka ploye. Nikanywa kahawa. Nikasema zamu ni yako, nisiiguse."

Nikangoja. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kupokea tusi lolote, hata la mama yangu.

"Ngumu?" akauliza mwishowe.

"Nini?"

"Hizo ploye."

Nikashika bomba la jikoni kwa mkono mwingine, lilikuwa la moto, nikaendelea kulishika.

"Rolande, uko hapo?"

"Nipo."

"Kwangu pampu inazunguka? Pita uangalie. Ufunguo uko pale pale."

Nikavaa buti nikaenda.